Mia Moja Hamsini na Nne Kwenye Nguzo

Mimi ndiye niliyempa Selpha ile supu ya kabeji. Nasema mapema kabla hamjasikia kwa watu wa yadi, maana wao wakisimulia habari hii huanzia hapo, na hunicheka mpaka chai inapoa.

Naitwa Wangeci. Nauza chai, chapati na mandazi katika banda lililo mlangoni mwa yadi ya viazi, upande wa Munyaka, hapa Eldoret. Viazi, ambavyo hapa wengi huviita waru, vinatoka Ainabkoi kwa malori madogo, vinamwagwa, vinachaguliwa, vinatiwa tena kwenye magunia, kisha wabebaji wanavipakia kwenye lori kubwa linalovipeleka Kisumu. Nimekaa pale miaka kumi na miwili. Kila anayebeba gunia katika yadi ile najua anakula nini, na najua anaponidanganya kwamba amekula mandazi mawili kumbe ni manne.

Selpha ndiye mwanamke pekee kwenye ubao. Huo ubao ni mbao mbili ndefu zilizopigiliwa pamoja, zinaegemezwa kutoka chini hadi kwenye sakafu ya lori. Mbebaji hupanda na gunia la kilo hamsini mgongoni, akashuka bila mzigo, akarudi kuchukua jingine. Wanawake wengine wote wa yadi huketi chini wakichagua viazi, vikubwa huku, vidogo kule, vilivyooza kando. Ni kazi safi na simdharau mtu, ila mshahara wake ni nusu ya ule wa ubao.

Selpha alipotoka Bungoma na mumewe Lawrence, fundi wa mawe, wakapanga nyumba mtaa wa Langas, alianzia huko chini kwenye kuchagua. Siku moja wanaume wawili hawakuja na lori lilikuwa linasubiri. Akasimama, akakung'uta sketi, akainama mbele ya rundo la magunia na kusema, "Niwekeeni." Wakamwekea wakicheka. Alipofika gunia la ishirini kicheko kilikuwa kimekwisha. Hiyo ni miaka tisa sasa, na hajarudi kuketi.

Yadi ina sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Ukiangusha gunia mara mbili ndani ya mwaka mmoja, umetoka kwenye ubao. Hakuna kesi wala barua. Muchiri, msimamizi wetu, mzee mwenye kofia ya manyoya hata jua likiwaka, hukuonyesha kwa kidole mahali wanapoketi wachaguaji, nawe unakwenda. Pia kuna desturi ya gunia la mwisho. Hilo hupandishwa mpaka juu kabisa, mbebaji akikanyaga magunia mengine kama ngazi, na kila mtu huacha kazi kutazama. Hupewa aliye na nguvu kuliko wote, na akishuka, kikombe cha kwanza cha chai yangu ni chake. Kwa miaka minne mfululizo kikombe hicho kilikuwa cha Selpha.

Sasa niwaambie kuhusu mwili wake. Kuna watu ambao wakila mkate mzima huwezi kujua ulikoingia. Halafu kuna ukoo wa Selpha. Wao wakinusa tu mvuke wa ugali, sketi inakataa kufunga. Mama yake alikuwa hivyo, dada zake hivyo. Mama yake aliugua sukari mpaka akakatwa mguu, na Selpha ndiye aliyemwogesha miaka miwili ya mwisho. Hilo halizungumzii sana, lakini ndilo lililokuwa nyuma ya kila kitu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ninaousimulia, wanaume wakiwa na nafasi ya utani, walimsimamisha kwenye mizani ya viazi akiwa na gunia mgongoni. Sindano ikasimama kwenye mia moja hamsini na nne. Toa hamsini za gunia, Selpha alikuwa kilo mia moja na nne. Muchiri akachukua chaki akaandika 154 kwenye nguzo ya banda, kubwa, na kusema, "Hii si mtu, hii ni lori." Yadi nzima ikaangua kicheko. Selpha naye alicheka, akapanda ubao, akashuka, akaja kwangu kuchukua chai. Nilimtazama machoni. Hakukuwa na kicheko pale.

Wiki hiyo goti lilimvimba, akaenda kliniki. Nesi wa huko, Sista Jerop, alimpima damu na kumwambia sukari iko mlangoni, haijaingia ndani, lakini imeshika kitasa. Apunguze uzito. Selpha hakungoja kuuliza apunguze vipi. Aliposikia neno sukari alitoka mbio, akaja kuniuliza mimi.

Na mimi, kwa kuwa sijawahi kukosa jibu katika maisha yangu, nikampa. Dada yangu Muthoni alikuwa amekunywa supu ya kabeji kabla ya harusi yake akaingia kwenye gauni alilokuwa ameliazima. Kabeji, kitunguu, nyanya, chumvi kidogo, asubuhi, mchana na jioni. Ugali marufuku, nyama marufuku, mayai marufuku. "Halafu ukimbie," nikamwambia. Hapa Eldoret mtu akitaka kukonda ushauri ni mmoja tu, akimbie, maana kila alfajiri tunawaona wakimbiaji wakipita barabarani, wembamba wote, nasi tunadhani ni mbio tu zilizowafanya vile. Hakuna kati yetu aliyewahi kuwafuata nyumbani kuona wanakula nini.

Selpha ni mtu wa kufanya kitu mpaka mwisho. Alivaa raba za Lawrence, zikiwa kubwa kwake, akawa anakimbia kutoka Langas mpaka yadini kila asubuhi, goti likilia. Anafika, anakunywa supu, anabeba magunia siku nzima, anakunywa supu, analala. Kilo zilitoka. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa tisini na moja. Kanisani akina mama walimpigia makofi, wakamgeuza huku na huku kama nguo ya duka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walivyozidi kumsifu, ndivyo alivyozidi kupunguza hata hiyo supu yenyewe.

Mimi niliona mambo mengine. Niliona mikono inatetemeka akishika kikombe. Niliona anaketi kati ya gunia na gunia, yeye ambaye hakuwahi kuketi. Uso uliingia ndani, na mabega yake, yale mabega yaliyokuwa yakijaza mlango wa banda langu, yakawa kama yametundikwa. Muchiri alimpa mtu mwingine gunia la mwisho. "Mama Linah, pumzika leo," alimwambia. Linah ni binti wa kwanza wa Selpha. Kesho yake pia alimwambia apumzike, na keshokutwa.

Aliangusha Jumanne moja, mvua ya masika ikiwa imeanza. Alikuwa katikati ya ubao. Nilimwona akisimama, nikamwona akifunga macho, kisha gunia likateleza likaanguka upande, likapasuka, viazi vikatawanyika kote kwenye matope. Yeye mwenyewe alipiga magoti juu ya ubao akaushika kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Muchiri aliinua kidole kimoja. "Hiyo ni moja," akasema. Angenyamaza hapo ningemsamehe. Lakini aliongeza, "Mama, nguvu yako ilikuwa kwa ile mwili. Umemwaga mwili, umemwaga nguvu. Rudi ukule vile ulikuwa unakula, ama uende uketi na wamama wenzako."

Selpha aliokota viazi vyote peke yake, akaviosha, akavitia kwenye gunia jingine. Kisha akaja akaketi bandani. Mimi nilikuwa nalia. Sioni haya kusema. Nilijua ni kabeji yangu iliyoangusha lile gunia.

"Nikinenepa, sukari itanikata mguu kama mama," akasema. Hakuwa analia yeye. Alikuwa na hasira mpaka pua inatanuka. "Nikikonda, Muchiri ananiweka chini nichague waru na nusu mshahara, na Linah ako form two. Hiyo ndiyo wananiambia nichague. Wangeci, mimi nakataa zote mbili. Nataka mafuta iende na nguvu ibaki."

"Na kama haiwezekani?"

"Nani amesema haiwezekani? Wewe na kabeji yako?"

Nikamsogezea kikombe cha chai. Hilo nilistahili.

Kesho yake alinivuta mkono mpaka kliniki, kama mshtakiwa. Sista Jerop ni mwanamke mrefu wa kutoka Iten, na aliwahi kukimbia mbio za barabara kabla ya kusomea unesi. Alimtazama Selpha juu mpaka chini.

"Ulikuwa unakula nini?"

"Kabeji, Sista."

"Kabeji na nini?"

"Na maji yake."

Sista Jerop alinigeukia polepole. Nilijifanya nasoma bango la chanjo ukutani.

"Sikiza, Mama," akamwambia Selpha. "Mwili si mjinga. Ukiunyima chakula, unaanza kujikula wenyewe. Na hauli mafuta peke yake, unakula na misuli. Hawa wakimbiaji mnawaona asubuhi, wakirudi wanakula mayai, wanakula maharagwe, wanakunywa maziwa. Mimi nilikimbia miaka sita. Hakuna siku hata moja nilikimbia na kabeji." Akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza. "Hii ndiyo mali yako. Hii ndiyo inachoma sukari, hii ndiyo inabeba hayo magunia. Ulikuwa unaitupa pamoja na mafuta."

Alimweleza mambo machache, tena kwa lugha ya mtu wa kawaida. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili, yaani mayai, maharagwe, ndengu, dagaa wa omena au maziwa lala yaliyoganda. Ugali usizidi ngumi yake. Mboga ale atakavyo. Sukari kwenye chai, kwaheri. Mbio aache kwa sababu ya goti, atembee. Kubeba asiache, maana mwili hautupi misuli unayoitumia kila siku ikiwa umeilisha. Alale saa za kutosha. Na asiwe na haraka. Nusu kilo kwa wiki inatosha, na wiki nyingine hakuna.

"Mimi ni mtu wa kunenepa haraka, Sista," Selpha akasema. "Kwetu wote tuko hivyo."

"Najua. Mwili wako unapenda kuweka akiba. Hiyo si makosa yako. Lakini ni kazi yako." Kisha akaongeza, "Na usiamini mizani peke yake. Tafuta kamba, ujipime kiuno."

Kamba hatukukosa. Yadi imejaa kamba za katani za kushonea magunia. Selpha alikata moja, akaizungusha kiunoni, akafunga fundo. Kila Jumamosi mchana, kazi ikiisha, alisimama kwenye mizani ya viazi mbele ya wanaume wote, halafu akaingia nyuma ya banda langu na ile kamba. Nilimwambia afanye mambo hayo faraghani. "Waliandika uzito wangu kwa nguzo," akanijibu. "Sasa mnataka nifiche nini?"

Vita vikubwa vilikuwa vya chakula. Saa saba wabebaji huketi kuzunguka sinia moja. Ugali ni mlima, kila mtu anakata upande wake, na anayekaa nje ya sinia anaonekana ana neno na wenzake. Selpha alikuja na mkebe wake. Mayai mawili, omena, ndengu. Siku ya kwanza alikula pembeni, na Kituyi, Mbukusu mwenzake wa kutoka karibu na kwao, akasimamisha tonge hewani.

"Mama Linah, unakataa ugali yetu? Umeona tumeweka nini ndani?"

Kwao hilo ni neno zito. Kukataa ugali wa mtu ni karibu na kumwita mchawi. Hata nyumbani Lawrence alikuwa amelalamika kwamba wageni wakiona sahani ya mkewe watasema anamnyima chakula. Nilidhani Selpha atarudi kwenye mlima kama zamani. Badala yake alichukua mkebe wake, akaketi katikati yao, akakata tonge moja la ukubwa wa ngumi yake kutoka upande wake wa siku zote, kisha akamimina omena zote katikati ya sinia.

"Nimepunguza upande wangu, sijahama sinia," akasema. "Kuleni omena, Kituyi. Na wewe hiyo tumbo yako inakutangulia mlangoni."

Walicheka, wakala. Baada ya mwezi walikuwa wanamdai omena akichelewa. Lakini sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Nyumbani alipika ugali wa watu watano kila jioni akiutazama. Alipokwenda mazikoni huko kwao alirudi na kilo mbili na hasira ya wiki nzima. Alikunywa chai yangu bila sukari kwa uso wa mtu anayekunywa dawa ya minyoo, nami nikajisikia nimetukanwa, maana chai yangu inajulikana mpaka stendi.

Halafu ile mizani ikatusaliti. Wiki chache baada ya kuanza kula, sindano ilipanda, tisini na mbili, tisini na nne, tisini na tano. Muchiri alipiga kelele kutoka upande wa pili wa yadi, "Lori inarudi!" Mimi niliingiwa na hofu nikataja kabeji. Selpha alinitazama, sikutaja tena. Akaingia nyuma ya banda, akazungusha kamba. Fundo lilikuwa palepale. Kilo nne zimeongezeka, kiuno hakijaongezeka hata kidole.

"Sasa hizo kilo ziko wapi?" nikamuuliza.

Akakunja mkono. "Shika." Nikashika. Ulikuwa mgumu kama muhogo mbichi. Hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka kuhusu maneno ya Sista Jerop.

Kutoka hapo mambo yalikwenda taratibu mno, mpaka mtu asiye na subira angekata tamaa. Mwezi wa nane alikuwa tisini na nne, na fundo jipya lilikuwa ndani kwa vidole viwili. Mwezi wa kumi, kilo hazikusogea kabisa, fundo likasogea. Sista Jerop alimpima damu akamwambia sukari imeachia kitasa na imerudi nyuma kidogo. Kufikia mwezi wa kumi na mbili alikuwa kilo tisini na tatu, na kiuno kimepungua vidole vinne tangu siku ile alipoangusha gunia. Yaani alikuwa mzito kuliko siku ya kabeji, na mwembamba kuliko siku ya kabeji. Ukimweleza mtu hivyo anadhani umelewa.

Watu hawakupima kwa kamba. Walipima kwa macho na kwa mdomo. Wale wale wa kanisani waliompigia makofi sasa walinong'ona kwamba ni mgonjwa, ana ile kitu, muone shingo. Wengine walisema ana mwanamume mjini. Selpha alisimama siku moja baada ya ibada, akiwa na Biblia kwapani, akawaambia, "Nikinenepa mnasema, nikikonda mnasema. Semeni. Jumatatu mimi nabeba." Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Muchiri naye alipima kwa macho, na macho yake ndiyo yaliyoongoza kile kidole chake. Tangu gunia lile la masika hakumpa tena gunia la mwisho, ingawa hakuangusha jingine miezi yote hiyo. Halafu wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, tukipakia lori la mwisho la mwaka, alikuja akasimama karibu na ubao, akavua kofia yake.

"Mama Linah, Januari naanza na watu sita kwa ubao. Wewe utakaa kwa kuchagua."

Selpha alitua gunia alilokuwa nalo. "Sijaanguka mara ya pili, Mzee."

"Utaanguka. Angalia vile umekuwa. Ukianguka na gunia ujivunje, nani atajibu? Mimi nakuonea huruma."

"Huruma peleka kwa kanisa." Sijawahi kumsikia akimjibu Muchiri hivyo. Sauti haikupanda, lakini nilisimama na birika mkononi nikasahau kumimina. "Umenihukumu na macho. Nipe gunia ya mwisho. Nikiangusha, hiyo ni mbili, nitaenda kuchagua kesho na sitasema kitu. Nisipoangusha, Januari niko kwa ubao."

Muchiri alimtazama, kisha akatazama kona ya yadi. Pale palikuwa na lumbesi. Hilo ni gunia lililojazwa kupita mdomo, likaongezewa wavu juu, likawa kama magunia mawili yamebebana. Mkulima fulani alikuwa amelileta kwa ujanja, na kwa siku tatu hakuna mwanamume aliyetaka kuligusa. "Gunia ya mwisho ni ile," Muchiri akasema.

Niliita kwa sauti kwamba huo ni uonevu. Niliita kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, ili aelewe vizuri. Kituyi naye alisema hapana, Mzee, hiyo hapana. Selpha hakutuangalia sisi. Alitazama lile lumbesi, akatazama nguzo ya banda, akatembea mpaka kwenye mizani ya viazi akapanda juu yake.

"Niwekeeni hapa," akasema, akainama.

Wanaume watatu walilinyanyua wakamwekea mgongoni. Sindano ikaruka ikasimama kwenye mia moja sabini na tano. Mimi si mtu wa hesabu, lakini tisini na tatu nilikuwa nazijua kwa moyo. Alikuwa na kilo themanini na mbili mgongoni.

"Kituyi, fungua wavu. Toa waru."

"Nitoe ngapi?"

"Toa, nitakuambia."

Kituyi akaanza kutoa viazi kwa juu, na wengine wakamsaidia, taratibu kama wanachagua wachumba, mpaka nikawatukana waharakishe. Mwanamke amesimama na mzigo wote ule na nyinyi mnatoa kimoja kimoja! Magoti ya Selpha hayakutetemeka. Sindano ikashuka, mia moja sabini, mia moja sitini na mbili, mia moja hamsini na saba. Jasho lilimtoka puani likadondoka juu ya mizani.

"Hapo," akasema.

Sindano ilikuwa kwenye mia moja hamsini na nne.

Ni Kituyi aliyegeuka kwanza kutazama nguzo. Chaki ya mwezi wa kwanza ilikuwa imefifia lakini ilisomeka. Kisha wote wakageuka, na mwisho Muchiri.

"Soma mwandiko yako, Mzee," Selpha akasema akiwa bado ameinama, pumzi ikikatika. "Mwaka unaanza nilipanda hiyo ubao na mia moja hamsini na nne, na ukasema mimi ni lori. Leo napanda na hiyo hiyo. Miguu ni ile, ubao ni ule. Zile kilo kumi na moja ulidhani zilikuwa zinabeba, zilikuwa zinabebwa. Nimezitoa, nimeweka waru."

Akashuka kwenye mizani akaelekea kwenye ubao.

Nitasema ukweli, nilifumba macho. Nilisikia mbao zikilia pale katikati, palepale alipoangusha masika, nikasikia hatua moja, kimya, hatua nyingine. Nilipofumbua alikuwa ameshaingia ndani ya lori, anapanda magunia, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mkono mmoja umeshika kamba za lori. Alifika juu. Hakulitupa lile gunia kama wanaume wanavyofanya. Aliligeuza polepole, akalilaza, akalipigapiga kwa kiganja likae vizuri, halafu akasimama wima juu ya lori lote, akavuta sketi yake kiunoni ambako siku hizi ilikuwa imelegea.

Kituyi ndiye aliyeanza kupiga makofi. Wanawake wa kuchagua walisimama wote wakapiga vigelegele, na viazi vikaviringika kutoka mapajani mwao. Mimi nililia tena. Mwaka huo ulikuwa wa kulia.

Aliposhuka alimkuta Muchiri na kitambaa kibichi mkononi, anataka kufuta nguzo.

"Wacha," Selpha akamwambia. "Bado ni uzito yangu. Nitakuwa nikipanda ubao nayo kila Januari."

Muchiri akatia kitambaa mfukoni, akavaa kofia yake ya manyoya. Selpha akaja bandani, nami nikammiminia kikombe cha kwanza, ambacho hakuwa amekigusa tangu masika. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kopo la sukari, nikaurudisha.

Muchiri alimfuata, akasimama mlangoni akitazama miguu yake mwenyewe. "Januari tano, saa moja asubuhi," akasema. "Kwa ubao. Usichelewe."

"Nimewahi kuchelewa lini?" Selpha akamuuliza, akanywa chai yake yote, isiyo na sukari, bila kukunja uso.